Jalada Nililolifunga



Nimeombwa niseme machache juu ya utumishi serikalini. Mtaniwia radhi nikianza na sinema.

Mwaka 1961 Mwingereza Val Guest alitengeneza filamu iitwayo The Day the Earth Caught Fire. Fedha zilikuwa haba. Mafuriko na dhoruba alizitoa katika picha za habari za zamani. Hadithi yenyewe ni hii. Marekani na Urusi zinajaribu mabomu ya nyuklia kwa wakati mmoja, dunia inaacha njia yake na kulisogelea jua. Mto Thames unakauka, na watu wa London wanapewa maji kwa mgawo. Wanafunzi wa fizikia watacheka, wala hawakosei: mabomu hayana nguvu ya kuisogeza dunia hivyo.

Mimi sikucheka. Katika filamu ile wakubwa wanajua, lakini wananchi wanaambiwa hakuna jambo. Anayetoa siri ni Jeannie, mfanyakazi mdogo wa Idara ya Hali ya Hewa. Anamwambia mwandishi wa gazeti, naye anatiwa kizuizini.

Nilipokuwa mgeni kazini, ilifika mezani kwangu taarifa kuwa maji ya kisima fulani hayafai kunywewa. Mkubwa wangu akasema tusiwatie watu hofu, tungoje vipimo vya pili. Nikalifunga jalada. Kwa wiki tatu watu waliendelea kuchota. Hakufa mtu, lakini watoto waliharisha, nami nilijua sababu.

Siwaambii mvunje kiapo cha kazi. Nami nimekula kiapo hicho na ninakiheshimu. Lakini siri ya kulinda nchi ni moja, na siri ya kulinda viti vyetu ni nyingine. Ningeweza kuandika dokezo na kulipeleka ngazi ya juu. Sikuandika.

Filamu inakwisha kurasa mbili za gazeti zikiwa tayari: moja yasema dunia imepona, nyingine imeangamia. Hatuonyeshwi ipi itatolewa.

Wadogo zangu, siku mtakapokabidhiwa majalada, wakumbukeni walio kisimani.