Uvamizi wa Kagera na Kazi ya Nyumbani ya Mwanafunzi

Katika nyumba nyingi za makambi ya jeshi na polisi huja jioni moja ambapo mtoto huweka daftari mezani na kumwuliza baba au mama yake, aliyerudi kazini na bado hajavua sare: Vita vya Kagera vilianzaje? Mwalimu ametoa kazi ya nyumbani, naye ataka maelezo ya uvamizi wa Oktoba 1978, sababu zake na matokeo yake. Mtoto wa askari hamwulizi mtu mwingine, kwa kuwa aamini kwamba avaaye sare hana budi kuyajua mambo hayo. Lakini mzazi huyo, mara nyingi, alikuwa hajazaliwa vita hivyo vilipopiganwa. Ayajuayo ni nyimbo, ni hadithi za wastaafu, na ni jina moja tu: nduli Idi Amin.

Jina hilo lilifanya kazi yake kwa wakati wake. Taifa lililovamiwa lilihitaji neno fupi la kumtaja adui, nalo likalipata. Hata hivyo, mwanafunzi akiandika kwamba Amin aliivamia Tanzania kwa sababu alikuwa nduli, atakuwa amemwita mtu jina, wala hatakuwa ameeleza tukio. Amin alikuwa ametawala Uganda tangu 25 Januari 1971. Kwa nini basi angoje hadi mwisho wa 1978? Na kwa nini avamie pale na si penginepo?

Swali la pili lajibiwa na ramani, na yafaa mzazi aanze nayo. Mpaka wa Tanzania na Uganda, upande wa magharibi wa Ziwa Victoria, haukuwekwa na Waganda, wala Wahaya, wala Wanyankole. Ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya 1 Julai 1890, yaliyofuata mstari wa digrii 1 kusini ya Ikweta, mstari ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi. Mto Kagera haukuujua mstari huo. Wenyewe hupinda upendavyo, na katika kupinda kwake hukata kipande cha ardhi ya Tanzania, cha kilometa za mraba zipatazo 1,800, na kukiacha ng'ambo ya kaskazini. Kipande hicho ni Tanzania kwa sheria na kwa watu wake, lakini mto wakitenga na sehemu nyingine ya nchi. Barabara kuu itokayo Bukoba kwenda Mutukula, mpakani, iliuvuka mto huo kwa daraja la Kyaka.

Askari aliyefundishwa kusoma ramani huiona hatari mara moja. Anayelilinda eneo hilo ana mto mgongoni na daraja moja kubwa la kupitishia chakula, risasi na majeruhi. Anayetoka kaskazini hana mto wala mlima wa kumzuia, na akishafika ukingoni, mto ule ule wageuka kuwa ngome yake. Mwanafunzi atakayechora mistari mitatu hiyo, mpaka, mto na barabara, na kuweka alama pale Kyaka, atakuwa amekwisha kueleza nusu ya uvamizi kabla ya kuandika sentensi hata moja.

Kuhusu wakati, hapana budi kurudi nyuma. Amin alipompindua Milton Obote, Tanzania ilikataa kuitambua serikali yake na ikampa Obote hifadhi. Mnamo Septemba 1972 wafuasi wa Obote wenye silaha waliingia Uganda kutoka Tanzania, wakashindwa vibaya, na ndege za Amin zikaishambulia miji ya Bukoba na Mwanza. Oktoba mwaka huo Somalia ilizipatanisha nchi hizo mbili mjini Mogadishu, zikakubaliana kuondoa majeshi yao karibu na mpaka. Jambo hili halifai kufichwa na mwanafunzi wa Tanzania. Uvamizi wa 1978 haukuwa na haki yoyote, lakini uhasama ulikuwa na historia ya miaka saba, na pande zote mbili zilikuwa zimo ndani ya historia hiyo.

Lililobadilika mwaka 1978 lilikuwa ndani ya Uganda yenyewe. Bei ya kahawa, iliyokuwa ikiitegemeza serikali, ilikuwa imeshuka. Jeshi lilikuwa limegawanyika. Makamu wa Rais, Jenerali Mustafa Adrisi, alipata ajali ya gari mwezi Aprili, na wafuasi wake jeshini walishuku kwamba haikuwa ajali. Ilipofika Oktoba maasi yalikuwa yamezuka katika vikosi kadhaa. Wanahistoria hawakubaliani kama Amin aliamuru uvamizi ili kuwapa askari wake kazi na ngawira, au kama baadhi ya vikosi viliwafukuza waasi hadi mpakani na kuvuka, naye akalipokea jambo ambalo lilikuwa limekwisha kutendeka. Mwanafunzi ayaandike maelezo yote mawili na aseme lipi laelekea kuwa kweli, na kwa nini. Ama la kusingizia kwamba Tanzania ndiyo iliyoanza kuishambulia Uganda, kama alivyotangaza Amin wakati ule, halikuthibitishwa.

Mashambulizi madogo yalianza mapema mwezi huo. Uvamizi wenyewe ulifanywa 30 Oktoba, kwa askari wanaokadiriwa kuwa kati ya 2,000 na 3,000, pamoja na vifaru. Walikuta ulinzi mdogo sana. Hapa mzazi aliye jeshini huenda akataka kupita haraka, lakini hapa ndipo pa kukaa. Tanzania haikuwa na jeshi la kutosha pale mpakani. Vikosi vilikuwa mbali, barabara zilikuwa mbovu, na akili za viongozi kwa miaka mingi zilikuwa zimeelekea kusini, kwenye ukombozi wa Msumbiji na Rhodesia. Ndani ya muda mfupi Waganda walifika ukingo wa kaskazini wa mto, na 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lote lile limekuwa sehemu ya Uganda na kwamba Mto Kagera ndio mpaka mpya.

Waliobaki nyuma ya mstari huo hawakuwa askari. Walikuwa wakulima wa migomba na kahawa, wafugaji, na wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Kagera. Yakadiriwa kwamba raia wapatao 1,500 waliuawa. Maelfu walikimbia. Ng'ombe waliswagwa kuvushwa mpaka, na kiwanda kiliporwa. Ngawira hiyo iliwapendeza waporaji na kuwadhuru kama jeshi, kwani askari aliyekwisha kujaza lori vitu vya wizi huwaza safari ya nyumbani kuliko handaki la kujilinda.

Kisha likaja suala la daraja. Ndege za Uganda zilijaribu kulipiga kwa mabomu zisilipate, hatimaye likalipuliwa kwa baruti 3 Novemba. Ilidhaniwa kwamba Watanzania hawataweza kurudi. Lakini aliyevunja daraja alikuwa ametangaza kwa kitendo chake kwamba hana nia ya kusonga mbele tena, na akampa mwenzake kitu ambacho hakuwa nacho 30 Oktoba, yaani siku za kujipanga.

Siku hizo zilitumiwa. Tarehe 2 Novemba Rais Julius Nyerere alilitangazia taifa kwamba Amin atapigwa, kwa kuwa sababu ipo, nia ipo na uwezo upo. La kwanza na la pili hayakuwa na shaka. La tatu lilikuwa likitafutwa barabarani na relini saa ile ile. Malori na mabasi, ya serikali na ya watu binafsi, yalichukuliwa kupeleka watu Ziwa Magharibi, kama mkoa ulivyoitwa wakati huo. Katika muda wa majuma machache jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 lilipanuka kupita 150,000, wakiwemo mgambo wapatao 40,000, pamoja na askari wa polisi, wa magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Vitabu vya shule huandika JWTZ na kuishia hapo. Mtoto wa polisi ana haki ya kuongeza mstari mmoja katika daftari lake.

Kabla Novemba haijaisha daraja la muda lilikuwa limewekwa na vikosi vikubwa vimevuka. Amin alikuwa amekwisha kutangaza tarehe 14 kwamba anaondoa majeshi yake. Mizinga ya roketi, ambayo askari wa Uganda waliibandika jina la saba saba, iliwasaidia wengi wao kufanya uamuzi, na mapema Januari 1979 hapakuwa tena na jeshi la Uganda katika ardhi ya Tanzania.

Insha nyingi huishia hapo, kisha zikaruka hadi Kampala kana kwamba ni safari moja. Kwa kweli kulikuwa na uamuzi mzito katikati. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umekubaliana Cairo mwaka 1964 kwamba mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru iheshimiwe. Amin aliuvunja msingi huo waziwazi, na Umoja ukazitaka pande zote mbili ziache mapigano bila ya kumlaani mchokozi, jambo lililomuudhi sana Rais Nyerere. Lakini msingi ule ule ndio uliotumiwa baadaye kuihoji Tanzania. Mutukula ilitekwa Januari, Masaka na Mbarara mwishoni mwa Februari, majeshi ya Libya yaliyokuja kumsaidia Amin yakashindwa pamoja naye Lukaya mwezi Machi, na Kampala ikaanguka 11 Aprili. Katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Monrovia Julai 1979, Sudan na Nigeria zililaumu kwamba jeshi la nchi moja limeiondoa serikali ya nchi nyingine. Tanzania ilikuwa na jibu, kwamba mvamizi aliyeachwa na silaha zake mpakani angerudi. Lakini lawama ile haikuwa ya kipuuzi, na mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuipima.

Liko jambo jingine gumu zaidi. Imeandikwa katika vitabu vya historia ya vita hivyo kwamba Mutukula, mji wa kwanza wa Uganda kutekwa, ulibomolewa, na kwamba raia waliuawa kwa kulipiza kisasi cha yale yaliyotendwa Kagera. Rais Nyerere alipopata habari aliamuru kwamba raia wa Uganda na mali zao wasidhuriwe. Mzazi mwenye sare anaweza kuliruka jambo hilo. Lakini mtoto atalikuta mwenyewe, leo au akiwa chuoni, na hapo atajiuliza ni kwa nini nyumbani alifichwa. Tena bila Mutukula, amri ile haina maana. Itaonekana kama maneno mema tu, wakati ilikuwa ni kamanda mkuu akilirudisha jeshi lake kwenye nidhamu huku vita vingali vikiendelea.

Vita vilimalizika mwanzoni mwa Juni 1979, majeshi yalipofika mpaka wa Sudan. Amin alikimbilia ugenini, akafia Jeddah mwaka 2003. Mkoa wa Ziwa Magharibi ukaitwa Kagera. Hayo ni ya kukariri, na mtoto atayakariri bila msaada.

Tarakimu za waliokufa zahitaji maelezo zaidi. Askari wa Tanzania 373 wanatajwa kuwa walipoteza maisha katika vita hivyo, na katika hao, 96 ndio waliouawa katika mapigano. Mtoto akiziandika tarakimu hizo mbili, moja chini ya nyingine, atatoa na kupata 277, kisha atauliza hao walikufaje. Swali hilo mwalimu hakuliuliza. Mzazi aliyewahi kuongoza msafara wa malori wakati wa mvua, au kulala majuma mawili katika handaki lenye maji, anaweza kulijibu kuliko kitabu. Na likizo ikiruhusu, njia ya kwenda Bukoba hupita wilaya ya Muleba, na huko Kaboya yako makaburi, mwanafunzi ayaone.