Kuliaga Land Rover Letu

(Maneno yaliyosemwa Karatu mbele ya wafanyakazi na viongozi wa vijiji, wakati wa kuliaga gari la huduma za mkoba na kupokea jingine.)



Nimeombwa niseme machache ya kuliaga gari hili. Wapo waliouliza, "Gari ni chuma tu, linaagwaje?" Lakini akina mama wa Endulen na Kakesio walilitambua kwa mlio wake kabla halijaonekana, wakawafunga watoto mgongoni wakaja kliniki. Kilichotumika hivyo kinastahili shukrani.

Land Rover la kwanza lilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa adimu Uingereza, ndipo bodi ikaundwa kwa aluminiamu. Kwa sababu hiyo bodi ya gari hili haijaliwa na kutu hadi leo. Chesisi yake lakini ni ya chuma, na mafundi wetu wanajua wameichomelea mara ngapi.

Lilianza kazi kabla ya lami kufika Karatu. Barabara ya kutoka Makuyuni ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani, na lami hiyo iliishia lango la Lodoare. Kutoka hapo ni kupanda ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ndani ya ukungu, kisha kuteremka Malanja kuelekea Endulen. Masika udongo mweusi hushika magurudumu kama gundi. Na upande wa Mang'ola, kiangazi, vumbi huingia hadi kwenye chujio la hewa. Kote huko gari hili lilipita.

Basi kwa nini tunaliacha? Nawaomba tulitazame jambo hili kwa macho ya mama anayengoja. Chanjo nyingi za watoto hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Gari likikwama njiani, barafu kwenye kasha inayeyuka, na siku ya kliniki imepotea. Mama aliyetembea tangu alfajiri anarudi na mtoto wake bila chanjo. Mjamzito mwenye uchungu hawezi kuambiwa asubiri nozeli itoke Arusha. Siti za nyuma hazina mikanda ya usalama, na breki zinarekebishwa kila mara. Kulipenda gari ni vizuri, ila tulinunua gari kwa ajili ya watu. Siku ambazo liko gereji kuliko barabarani, mapenzi yetu yanalipwa na wengine.

Wengine mmeuliza kwa nini hatukununua Land Rover tena. Jibu ni kwamba gari la namna hii halitengenezwi tena. Defender la zamani la mwisho lilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Defender jipya lilizinduliwa mwaka 2019, ni gari zuri, lakini lina mifumo mingi ya kielektroniki, nalo likigoma huko Kakesio, fundi mwenye spana peke yake hatalisaidia. Tumechagua Land Cruiser la mfululizo wa 70, linaloundwa tangu mwaka 1984. Mafundi wa Karatu wanalijua na spea zake zinapatikana. Hatukutafuta fahari, tulitafuta gari litakalofika na kurudi.

Hata hivyo hatulidharau la zamani. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha, mengine yana umri mkubwa kuliko hili, na bado yanatembea kwa sababu wenyewe waliyatunza. Letu litauzwa kwa mnada wa wazi. Mfanyakazi anayelitaka atashindana bei kama mtu mwingine yeyote. Fedha zitaingia kwenye mfuko wa matengenezo wa gari jipya.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Tusilewe upya. Ninaomba mambo matatu. Kwanza, dereva aangalie maji, oili, breki na matairi kila asubuhi, aandike kwenye daftari, nasi viongozi tulisome hilo daftari. Pili, tusilijaze. Najua ni vigumu kumwacha mzee njiani na gunia lake la mahindi, lakini siti zikijaa, zimejaa, isipokuwa mgonjwa. Tatu, tuweke akiba kila mwezi tangu leo, kwa sababu na hili jipya litazeeka, na wakati huo tusianze kutafuta mfadhili siku ambayo limekwisha kufa.

Kwa madereva na mafundi mliolihudumia gari hili usiku, kwenye mvua, mkilala chini yake mkiwa na tochi mdomoni: asanteni sana. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kliniki ya Kakesio iko palepale, na wiki ijayo akina mama watausikia mlio wasiouzoea. Tuwahi kufika, ili waanze kuuzoea.