Hotuba ya Mwenyekiti: Isale na Deni



Miaka kumi si haba. Hesabu atawasomea mweka hazina, yeye ndo anaziweza. Mimi niliyeishia darasa la saba nitasema juu ya mdomo, maana kikundi hiki nusura kivunjike kwa mdomo, siyo kwa fedha.

Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na wanawake watatu wa nyumba tatu. Mdomo wangu haukuwa na kufuli.

Mwaka wa tatu mwenzetu mmoja alichelewesha rejesho mara mbili. Nikamwuliza kikaoni, huku nacheka, "Mama, hela yetu italala kwako mpaka lini?" Sisi tuliokulia huku migombani tunataniana hivyo. Yeye alizaliwa Singida, alikuwa ameolewa huku mwaka mmoja tu. Akanyamaza. Tukasema ana dharau. Kikao kilichofuata hakuja. Katibu akamtumia ujumbe wa simu, akajibu "sawa" tupu. Hiyo "sawa" tuliijadili saa nzima, jamani! Huyu anasema amekubali, yule anasema ametutukana.

Kamati ikataka tukakamate mbuzi wake. Nikasema ngojeni. Nikakata jani la isale mpakani mwa kihamba, nikalifunga fundo kama wazee walivyotufundisha, nikaenda kuomba radhi. Huku kwetu ukiletewa isale, kukataa kusamehe ni vigumu. Yeye akalipokea, akaligeuzageuza, akaniuliza, "Hili ni la mbuzi?"

Nilitaka kuudhika, halafu nikacheka, naye akacheka. Kwa asiyekua nalo, isale ni jani tu. Nguvu yake iko kati yetu tunaolijua. Na utani wangu ulikuwa hivyo hivyo, kwangu utani, kwake aibu. Tukakaa jikoni tukimenya ndizi, ndipo akaniambia kwamba alikolelewa yeye mtu hadaiwi mbele za watu. Tena wakati ule mtoto wake alikuwa amelazwa, na hakuna aliyemwuliza habari zake. Alinyamaza ili asilie.

Na tusidhani ni wageni tu. Mrombo na Mmachame, kila mtu akisema Kichaga chake, wanapata taabu kuelewana. Kiswahili kimetukutanisha, lakini neno moja la Kiswahili kila mtu analisikia kwa masikio ya kwao.

Yule mama alilipa yote. Katika katiba yetu tukaandika kwamba deni haliulizwi kikaoni wala kwa simu kabla watu wawili hawajafika nyumbani kwa mhusika, na mmoja wao amchague yeye mwenyewe. Wapo waliosema tunabembeleza wadaiwa. Na waseme.

Lakini kuna wawili waliotuacha mwaka wa kwanza kwa maneno yangu kama yale, nami sikuwafuata. Sitawataja. Wiki hii nitakwenda kwao, mmoja mmoja. Isale nimeshalikata.