Ralph Bunche na Maswali Aliyoyaweka Kando

Usuluhishi, kwa maana inayotumika katika mhadhara huu, ni kazi ya mtu wa tatu asiye na jeshi wala mamlaka ya kuhukumu, ambaye huingia baina ya mahasimu na kuwatafutia maneno ambayo kila upande unaweza kuyatia saini bila kuonekana umesalimu amri. Ralph Bunche, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Detroit na kufariki New York mwaka 1971, aliifikisha kazi hiyo kwenye kiwango cha ufundi, na kwayo akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1950, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuipata.

Kabla ya diplomasia alikuwa mwanazuoni wa ukoloni. Tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard, ya mwaka 1934, ililinganisha utawala wa Ufaransa katika Togo, iliyokuwa chini ya uangalizi wa Shirikisho la Mataifa, na katika Dahomey, iliyokuwa koloni la kawaida, ikaona kwamba uangalizi huo haukubadili mengi katika maisha ya mtawaliwa. Mwaka 1937, akijiandaa kwenda Kenya kufanya utafiti miongoni mwa Wakikuyu, alijifunza Kiswahili jijini London kwa Jomo Kenyatta, jambo ambalo historia ya lugha hii imelipa nafasi ndogo mno. Elimu hiyo aliibeba hadi San Francisco mwaka 1945, aliposhiriki kuandika sura za Mkataba wa Umoja wa Mataifa zinazohusu udhamini, yaani utaratibu wa nchi kutawaliwa na dola inayowajibika mbele ya chombo cha kimataifa, ambapo safari hii uhuru ulitajwa waziwazi miongoni mwa malengo. Julius Nyerere, alipozungumza mbele ya Baraza la Udhamini Machi 1955 kwa niaba ya TANU, chama cha Tanganyika iliyokuwa chini ya udhamini huo, aliingia kwa mlango uliofunguliwa na sura hizo.

Mtihani mkubwa ulikuja baada ya msuluhishi wa Umoja wa Mataifa katika vita vya Palestina, Folke Bernadotte, kuuawa Jerusalem tarehe 17 Septemba 1948 na wanamgambo wa Kizayuni wa kundi la Lehi, Bunche akakaimu nafasi yake. Januari 1949 aliwakutanisha Wamisri na Waisraeli katika hoteli moja kisiwani Rhodes, akaanza kuonana na kila ujumbe peke yake, na kuwataka wakubaliane kwanza juu ya mambo madogo, kama orodha ya ajenda, ili mkono uzoee kutia saini kabla ya kufikia suala zito la kikosi cha Misri kilichozingirwa Faluja, ambacho miongoni mwa maofisa wake alikuwamo Gamal Abdel Nasser. Kilichopatikana tarehe 24 Februari, na baadaye kwa Lebanon, Jordan na Syria, hakikuwa mkataba wa amani bali wa kusimamisha vita: majeshi hubaki nyuma ya mstari uliokubaliwa, na mkataba wa Misri ukatamka kwamba mstari huo usihesabiwe kuwa mpaka wa kisiasa. Sentensi hiyo ndiyo iliyowezesha saini. Ndiyo pia iliyoacha wazi hatima ya wakimbizi wa Kipalestina, ambao hawakuwa na ujumbe wao mezani.

Ufundi huo huhitaji pande zilizochoka, na Katanga, jimbo lililojitangaza kujitenga na Kongo, haikuwa imechoka. Bunche alipofika Elisabethville tarehe 4 Agosti 1960 kumshawishi kiongozi wa jimbo hilo, Moïse Tshombe, ayapokee majeshi ya Umoja wa Mataifa, alikuta serikali inayolishwa na shaba na kuegemea maofisa wa Kibelgiji, isiyoona faida yoyote katika maneno ya kati na kati. Akashauri majeshi yasubiri, shauri ambalo Waziri Mkuu wa Kongo, Patrice Lumumba, hakulisamehe. Wanajeshi wa kwanza waliingia siku chache baadaye, lakini utengano wenyewe ulimalizwa Januari 1963, kwa bunduki za walinda amani ambao Bunche alikuwa miongoni mwa wasimamizi wao wakuu.