MAJI YA MWEA NA BEI YAKE
Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama



Twala wali wa Mwea, lakini ni wachache kati yetu wanaouliza maji yake hulipiwaje. Mifereji ya kwanza ilichimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la mahabusu wa Hali ya Hatari. Maji yatoka mito ya Thiba na Nyamindi. Mkulima hulipa ada kwa eka, si kwa kipimo cha maji, na hapo ndipo ugomvi uanzapo.

Aliye karibu na mlango wa maji, akisha kulipa ada yake, maji ya ziada hayamgharimu hata senti moja. Kwa nini afunge? Aliye mwisho wa mfereji, aliyelipa ada ile ile, anatazama tope likipasuka. Na vibarua wa kupanda mpunga (hao ni wenzetu) hurudi nyumbani bila ujira.

Wako wasemao maji yapimwe yauzwe kama petroli. Lakini mita kwa kila shamba dogo ni gharama, tena maji ya mpunga hupita toka shamba hadi shamba. Sisi twaona afadhali kundi zima la mfereji mmoja liuziwe kwa kipimo, kisha wagawane kwa zamu wenyewe. Hapo mpotevu ataulizwa na jirani yake, wala si na karani.

Bwawa la Thiba, lililokamilika 2022, limeongeza akiba ya maji. Zamu bado zatakiwa. Wenye mashamba huko, tafadhali mbaki baada ya mkutano mtueleze zenu.