Kuipata nchi na kukaa nayo: maneno ya Katibu wa Tawi kwa wanachama

Ndugu wanachama,

  

Haya ni maneno niliyoyasema Jumapili kwenye mkutano wa tawi letu hapa Mazinde. Wengine mlikuwa shamba, wengine msibani, na waliokuwepo wameomba maandishi. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nimetoa vicheko tu, pamoja na ile simu iliyolia mara tatu na mwenyewe anajijua. Ni marefu kidogo. Bando likikata, soma nusu leo na nusu kesho.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, vijana, na mabalozi wote mliofika kwa miguu na mvua hii. Nimepangiwa kusema juu ya historia ya Mapinduzi. Historia mnaijua, na humu ndani wapo walioiona kwa macho. Mimi nimechukua swali moja tu: chama kikishaipata nchi, kinakaaje nayo? Maana kuipata na kukaa nayo ni kazi mbili.

Sisi wa Mazinde tusidhani swali hilo ni la Unguja peke yake. Baada ya Kimweri ye Nyumbai kufariki, aliyekalishwa Vuga alikuwa mjukuu wake, Shekulwavu. Mwanawe Semboja alikuwa amekaa hapa hapa kwetu bondeni, kwenye njia ya misafara, na misafara ilimpa bunduki ambazo wa mlimani hawakuwa nazo. Akapanda, akaipiga Vuga, akamweka mwanawe Kimweri Maguvu, mwenyewe akabaki Mazinde. Je, nchi aliipata? Vuga aliipata. Lakini Wabondei waliasi, ndiyo hiyo Kiva inayosimuliwa, wakawafukuza Wakilindi, na Bonde halikurudi tena chini ya Vuga kama zamani. Vita havikuisha mpaka Wajerumani walipofika na kukuta nyumba imeshapasuka. Wazee wa Kishambaa walikuwa na kipimo chao cha mtawala, kuzifya shi au kubana shi, anaiponya nchi au anaidhuru. Hawakuuliza kwanza ana bunduki ngapi.

Sasa twende Unguja.

Uchaguzi wa Julai 1963, Afro-Shirazi ilipata asilimia 54 ya kura na viti 13 kati ya 31. ZNP na ZPPP kwa pamoja walipata kura chache na viti 18, wakaunda serikali. Mimi ni mtu wa hesabu, na hesabu ya namna hiyo hata ukiipiga mara kumi hailali usingizi. Uhuru ukaja 10 Desemba 1963. Mwezi mmoja na siku mbili baadaye, usiku wa kuamkia 12 Januari 1964, bohari la silaha la polisi pale Ziwani likavamiwa, na Sultani Jamshid akaondoka kwa meli. Siku zilizofuata watu waliuawa kwa maelfu, wengi wao wenye asili ya Kiarabu. Hilo tusilifiche tunapoadhimisha. Anayeandika upande mmoja wa daftari hajaandika daftari.

Kuipata nchi kulikuwa kazi ya usiku na mchana wake. Je, kukaa nayo?

Kwanza walikusanya bunduki kwenye mkono mmoja. John Okello, mtu wa Uganda, ndiye aliyekuwa anatangaza redioni kwa jina la Field Marshal, na kwa siku kadhaa dunia ilidhani nchi ni yake. Machi 1964 alikuwa ameshatolewa visiwani, akarudi alikotoka. Mwezi huo huo chama cha Umma cha Abdulrahman Babu kikavunjwa, wanachama wake wakaingia ASP. Kikabaki chama kimoja, na juu yake Baraza la Mapinduzi chini ya Mzee Karume. Polisi walitoka huku kwetu Tanganyika. Aprili 26 ukaja Muungano. Nyie mnaosema Muungano ulikuwa ndoto ya waasisi tu, mnasema kweli, lakini kumbukeni pia kwamba tarehe 20 Januari mwaka huo huo jeshi letu wenyewe la Tanganyika lilikuwa limeasi hapa bara. Pande zote mbili zilikuwa na sababu ya kutafuta ukuta wa kuegemea.

Pili, walitoa. Na hapa ndugu zangu nasema bila kigugumizi, walitoa vitu ambavyo mtu anavishika mkononi. Ardhi ikawa ya serikali, kisha mwaka 1965 ugawaji wa eka tatu tatu ukaanza, na aliyekuwa anapalilia karafuu ya mwenzake akapata pa kupanda muhogo wake. Tarehe 23 Septemba 1964 elimu ikatangazwa kuwa bure. Nyumba za ghorofa zikajengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na zile za Michenzani hata leo ukishuka bandarini huna haja ya kuulizia, utaziona tu. Sisi ambao babu zetu walikata mkonge kwa kupimiwa mafungu tunajua maana ya kupewa eka tatu. Mtu aliyepewa eka haulizi sana.

Na hapo ndipo penye tatizo. Haulizi sana mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili naye ananyamaza. Mwaka wa saba anataka kuuliza, na hakuna pa kuulizia.

Maana la tatu walilofanya ni kufunga mlango. Baada ya Mapinduzi, Zanzibar haikupiga kura ya kuwachagua viongozi wake mpaka mwaka 1980. Miaka 16. Wabunge wa Zanzibar katika Bunge la Muungano waliteuliwa. Chama chenyewe, hiki cha wanyonge, hakikukaa Mkutano Mkuu hata mara moja mpaka Jumbe alipouitisha Desemba 1972. Fikirini tawi letu likae miaka minane bila mkutano mkuu, halafu katibu aje na kitabu cha fedha aseme mambo ni mazuri. Mtakubali?

Waliouliza, tunajua yaliyowakuta. Abdallah Kassim Hanga alikuwa ndani ya uongozi wa kwanza kabisa wa Mapinduzi, na Othman Sharif alikuwa mtu wa ASP tangu zamani. Wote wawili waliishia mikononi mwa serikali waliyoipigania, na hawakurudi nyumbani. Karafuu nayo: serikali ilinunua kwa bei ndogo na kuuza nje kwa bei kubwa, wakulima wakaipeleka kwa magendo Kenya, na adhabu ya magendo ikapandishwa hadi kifo. Mwaka 1971 na 1972 serikali ilikuwa na akiba ya fedha za kigeni, na watu wamepanga foleni ya mchele. Kwenye vitabu hali ilionekana njema. Lakini kuna madeni ambayo hayaandikwi kwenye mizania, na ndiyo yanayodaiwa kwa ukali.

Tarehe 7 Aprili 1972, jioni, Mzee Karume alikuwa anacheza bao Kisiwandui, makao makuu ya chama chake, katikati ya watu wake. Akapigwa risasi, akafa. Aliyempiga hakutoka Oman wala Uingereza. Alikuwa ofisa wa jeshi letu.

Mzee mmoja alinikatiza hapa Jumapili, na ninamheshimu, akasema: "Katibu, nchi ilikuwa changa, maadui wako nje, ungefanyaje?" Ni swali la haki. Mwaka 1964 mimi nisingeitisha uchaguzi Februari. Lakini mwaka 1965 bara tulikuwa wachanga vile vile, jeshi limeasi mwaka uliotangulia, na tumefanya nini? Tumepiga kura. Wazee wanakumbuka jembe na nyumba. Chama kilikuwa kimoja, Katiba ilisema hivyo, wa upande mwingine hakuwa na nafasi, na mimi sitalipaka rangi hilo. Lakini karibu kila jimbo TANU ilisimamisha watu wawili, mmoja jembe, mmoja nyumba, na watu wakaambiwa chagueni. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mwasisi wa ushirika wa wakulima wa pamba kule Ziwa, akaangushwa Mwanza. Waziri wa Fedha! Na wabunge wengine kadhaa wakaenda naye. Je, TANU ilianguka? Haikutikisika. Aliyekasirika alimtoa mtu, akabaki na chama. Unguja aliyekasirika hakuwa na wa kumtoa kwa karatasi.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona, na sijaisoma mahali, nimeiona kwa kuweka miaka hiyo miwili mitatu kwenye safu mbili.

Sasa niwaambie kwa nini nimelisema hili wakati huu. Tunaingia uchaguzi wa ndani wa tawi. Fomu ya uenyekiti imechukuliwa na watu watatu, na hivi ninavyoandika wawili wamefuatwa nyumbani usiku waombwe wajitoe "kwa ajili ya umoja", Mwenyekiti apite bila kupingwa. Sijataja mtu na sitataja. Nimezungumza na Mwenyekiti mwenyewe, naye amesema mbele ya Kamati ya Siasa kwamba hakumtuma yeyote na yuko tayari kushindana. Nampongeza kwa hilo, na nimeliandika kwenye muhtasari.

Kwenye daftari la wanachama nina majina ambayo ada zake hazijalipwa mwaka wa pili sasa. Nilipita kwa mabalozi kuuliza. Wachache walisema hawana pesa. Wengi walisema, "Nilipe nikachague nini, kila kitu kimeshapangwa." Kijana mmoja wa bodaboda aliniambia kadi yake ameiweka chini ya godoro pamoja na cheti cha ubatizo, vyote viwili havimpi abiria. Tulicheka, lakini niliandika.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Fomu zitabaki wazi hadi Ijumaa saa 10 jioni, ofisini, na atakayetaka kujitoa aje mwenyewe, mchana, aandike kwa mkono wake mbele ya mashahidi wawili. Barua ya kujitoa iliyoletwa na mtu mwingine sitaipokea. Kura zitapigwa kwa karatasi, si kwa kunyoosha mikono, na zitahesabiwa hapo hapo mbele ya mkutano. Sanduku limeshatengenezwa, fundi amedai shilingi 15,000, risiti ipo. Wenye ada za nyuma wanaweza kulipa hata siku ya mkutano kabla ya saa 3 asubuhi, nitakuwa mlangoni na kitabu cha stakabadhi.

Mabalozi, tafadhali wasomeeni wasio na simu.

Katibu wa Tawi
Mazinde