Sanduku la Uraia kwa Shule za Muyinga



Wengi wenu mlizaliwa katika mkoa wa Muyinga. Mkoa huo haupo tena. Sheria ya Machi 2023 ilipunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, na tarafa kutoka 119 hadi 42. Muyinga, Cankuzo na Ruyigi ziliunganishwa kuwa Buhumuza, na mgawanyo huo ukaanza kutumika katika uchaguzi wa 2025. Ubaoni, hayo ni majina ya kukariri. Lakini mpe mtoto ramani mbili za mbao, ya zamani na ya sasa, apange vipande 18 juu ya vipande 5, na atauliza mwenyewe: sasa mkuu wa mkoa wetu anakaa wapi? Somo la uraia limeshaanza.

Ninachopendekeza ni sanduku la vifaa ambalo shule inaliazima, inalitumia wiki mbili, kisha inalipeleka shule ya jirani. Jumba la makumbusho la mji wa Reading, Uingereza, linaazimisha shule vitu vyake tangu 1911. Field Museum ya Chicago ilifuata mwaka uliofuata. Sisi tuna sababu kubwa kuliko zao: Katiba yetu na historia yetu.

Katiba yetu inataka Bunge liwe na Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40, wanawake wasipungue asilimia 30, na Watwa watatu waongezwe. Katika Seneti, Wahutu na Watutsi ni nusu kwa nusu. Kura zisipoleta uwiano huo bungeni, wabunge wengine huongezwa mpaka utimie. Katiba hiyohiyo, ya 2018, iliipa Seneti kazi ya kutathmini kama mfumo huu uendelee au ukome. Kwa hiyo watoto wetu ndio watakaoishi na uamuzi huo, na ni lazima waujue mfumo huu kwa undani.

Mwalimu ataufundishaje? Njia ya haraka ni kuwasimamisha wanafunzi kwa makabila yao: ninyi huku, ninyi kule. Nawasihi, asithubutu mtu kufanya hivyo. Mwaka 1972 wanafunzi walichukuliwa madarasani mwao wakauawa. Mwaka 1993, Kibimba, mkoani Gitega, wanafunzi walichomwa moto. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ya Buta, vijana waliamriwa wajitenge kwa kabila. Wakakataa, na 40 wakauawa. Nchi yenye kumbukumbu hizo haina haki ya kumwambia mtoto asimame upande wake.

Kipande cha mti kinaweza kusimama badala yake. Sanduku liwe na vijiti 100 vya rangi, wanafunzi wagawane viti, wakosee, wahesabu upya, wabishane kwa sauti kama ni haki au si haki. Ubishi wote unabaki mezani. Hakuna aliyeulizwa baba yake ni nani. Hili ndilo linalonifanya niamini vifaa kuliko hotuba, hata hii yangu.

Liwe pia na masanduku mawili madogo ya kura. Katika chaguzi zilizopita, mpiga kura wetu alipewa karatasi za wagombea wote. Aliyoichagua aliitia katika bahasha na kuiweka katika sanduku moja, na zilizobaki alizitupa katika sanduku jeusi. Ulikuwa utaratibu mzuri wa kulinda siri, na unaeleweka kwa kuutenda.

Mahali pa kuyaweka masanduku haya ya vifaa tunapo. Maktaba ya Muyinga, iliyojengwa 2012 kwa matofali ya udongo wa hapa na miti ya mikaratusi, ilikusudiwa iwe sehemu ya shule ya watoto viziwi. Watoto hao ndio wanaoachwa nyuma zaidi na somo la kusikiliza tu. Basi sanduku la kwanza waanze nalo wao, na mwalimu wao ndiye atuambie kipi kimefanya kazi na kipi kitengenezwe upya. Mbao zipo, maseremala wapo. Kinachohitajika sasa ni daftari la kuazima na mtu mmoja wa kulitunza, na jina la mtu huyo ningependa tulipate kabla hatujatoka humu ukumbini.